Shamba Letu Liko Ng'ambo ya Sirari

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, ukimuuliza mama anayeuza vitunguu vimetoka wapi, atakujibu bila hata kuinua macho: Tanzania. Mahindi ya gunia la tatu kutoka mwisho? Tanzania. Maharagwe, machungwa ya msimu, wakati mwingine hata nyanya? Yule yule jirani. Ndizi ndizo zetu, na hata hapo usiape sana, maana kuna mikungu inayoshuka kutoka Uganda kupitia Busia na kuuzwa kwa jina la Kisii.

Hii haishangazi ukijua hesabu ya ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, karibu watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ina watu 605,576 na vilima vilivyofunikwa chai. Mzee akigawia wanawe watano shamba la ekari mbili, kila mmoja anabaki na mahali pa nyumba, choo, migomba kumi na ugomvi. Kwa hiyo chakula kinalimwa mahali pengine. Sehemu kubwa ya shamba letu iko upande wa pili wa Isebania, mpaka ambao Watanzania wanauita Sirari, mwendo usiofika kilomita mia kutoka Kisii mjini.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia ushirikiano wa Afrika Mashariki ukizungumzwa kama mambo ya marais kupigana picha Arusha. Huku kwetu mpaka ukifunguka au ukifungwa, kwanza inaonekana kwenye sufuria. Na mwaka 2025, Tanzania ilipotoa lile agizo la kuzuia wageni kufanya biashara fulani, nikaona vijana wenzangu mtandaoni wakisema na sisi tuwafungie vitunguu vyao, nikajua hii stori inahitaji kusimuliwa kuanzia mbali kidogo.

Kabla mpaka haujakuwepo, watu wa Gusii walikuwa wakibadilishana mali na majirani. Wimbi na nafaka nyingine zilishuka kutoka vilimani kwenda kwa Wajaluo, ng'ombe na mbuzi wakapanda. Ukame ukipiga kule chini kando ya ziwa, biashara hiyo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kula na kulala njaa. Kusini walikuwa Wakuria, ambao lugha yao na Ekegusii zinakaribiana kiasi kwamba bibi yangu alikuwa akisikiliza mazungumzo yao kwenye matatu na kucheka kabla sijaelewa kitu.

Kisha mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa Ulaya wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kule pwani, hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Walipofika Kilimanjaro walikunja kidogo. Walipofika kwa Wakuria hawakukunja. Ndugu wakajikuta huyu ni wa Mjerumani, yule ni wa Mwingereza.

Kisii ilionja mstari huo mapema. Septemba 1914, vita vikiwa na wiki chache tu, kikosi cha Wajerumani kilivuka kutoka Tanganyika kikaingia mjini Kisii. Tarehe 12 jeshi la Waingereza likapigana nacho huko huko vilimani, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Katikati ya hiyo purukushani wenyeji waliona serikali imetoroka, wakaingia madukani na kwenye misheni wakachukua walichotaka. Waingereza waliporudi walilipiza kwa kunyang'anya ng'ombe. Mpaka wenyewe ulikuwa wa wakubwa. Bili ya kuugombania ililipwa na Omogusii.

Baada ya vita Tanganyika nayo ikawa chini ya Mwingereza, na hapo ndipo jambo la ajabu likatokea: mstari ukabaki kwenye ramani lakini kwa mfanyabiashara ukawa mwepesi sana. Forodha za Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganishwa tangu 1917, na Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Kuanzia 1921 kulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, ukiishika Kisii unaitumia Mwanza. Nafaka za Kisii zilibebwa hadi Kendu Bay zikapanda meli kuelekea Kisumu, kwenye reli. Meli hizo hizo za ziwani zilikuwa zikienda Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Reli na bandari za nchi zote tatu zikawekwa chini ya shirika moja mwaka 1948.

Usinielewe vibaya, sisifu ukoloni. Ule umoja ulijengwa kwa faida ya walowezi na wenye viwanda, na walikuwa wamekaa Nairobi. Sabuni ikitengenezwa Nairobi, Tanganyika inanunua. Kiwanda kikitaka kujengwa, kinajengwa palipo na viwanda tayari. Uhuru ulipofika, Kenya ilikuwa inawauzia wenzake bidhaa nyingi kuliko inavyonunua kwao, na wenzake walikuwa wanaliona hilo vizuri sana.

Walijaribu kulirekebisha. Mwaka 1964 kulikuwa na makubaliano ya Kampala ya kugawana viwanda, hiki kwako, hiki kwangu. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa noti zake. Juni 1967 Kenyatta, Nyerere na Obote wakatia saini mkataba, na Desemba Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza rasmi, na kodi maalum ya kulinda viwanda vichanga vya Tanzania na Uganda dhidi ya vya Kenya. Kwenye karatasi ilikuwa haki. Lakini angalia tairi: Arusha ikapata kiwanda cha General Tyre, Nairobi nayo ikajenga cha Firestone. Soko moja, viwanda viwili, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Halafu Idi Amin akapindua serikali Uganda mwaka 1971, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Kampuni ya ndege ya pamoja ikawa inadaiwa huku na huku. Mapema 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari hiyo hiyo Tanzania ikafunga mpaka. Bajeti ya Jumuiya haikupitishwa katikati ya mwaka, na hivyo ndivyo ilivyokufa.

Nairobi hasara ilionekana mara moja. Wenye viwanda walipoteza soko la Tanzania na pia njia ya malori ya kwenda Zambia, maana huwezi kufika Zambia kwa barabara bila kupita kwa jirani uliyekosana naye. Biashara ya utalii, iliyozoea kuwatoa wageni Nairobi na kuwazungusha Serengeti kisha kuwarudisha walale Kenya, ikakatwa shingo. Kuna lango la Sand River, kati ya Maasai Mara na Serengeti, ambalo lilifungiwa watalii mwaka huo. Nyumbu wanapita. Mtalii mpaka leo anazungushwa.

Sasa huku kwetu. Vitabu vinasema mpaka ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Mzee mmoja wa Suneka, ambaye ujanani alikuwa turniboi wa lori, alinicheka nilipomsomea hiyo sentensi.

"Ulifungwa kwa nani, momura one?"

"Kwa kila mtu, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ulifungwa kwa lori. Kwa mguu haukufungwa."

Alinieleza kwamba lori liliishia Isebania. Mzigo ukashushwa, ukagawanywa vichwa na mabega, ukapita njia za panya usiku kwa watu ambao shangazi zao walikuwa ng'ambo. Kwenda kule: sabuni, mafuta ya kupikia, sukari, nguo. Tanzania ya miaka ile, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ilikuwa na uhaba mkubwa wa vitu hivyo madukani. Kurudi huku: chochote kile kilicholimwa. Magendo ndilo lilikuwa jina lake, na lilikuwa na ngazi zake. Aliyebeba alilipwa kidogo. Aliyekuwa na mtaji wa kumpoza askari pande zote mbili ndiye aliyejenga nyumba ya mawe.

Mpaka wa Uganda ulikuwa na stori yake kubwa zaidi. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na kwa kuwa uchumi wa Amin ulikuwa umeoza, kahawa ya Uganda ikamwagika Kenya kupitia Chepkube, mpakani upande wa Bungoma. Watu walitajirika kwa wiki. Ukisikia mzee wa umri fulani akitaja Chepkube, angalia uso wake: ni kama anataja mgodi wa dhahabu.

Nikiyatazama hayo yote, naona jambo moja ambalo wachumi hulizunguka. Mpaka ukifungwa biashara haifi, inabadilisha mwenyewe. Inatoka kwa mama mwenye kikapu na risiti, inaenda kwa mtu mwenye lori, bunduki ya kukodi na simu ya mkubwa. Mkulima wa ng'ambo anauza kwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi wake anajihatarisha, na mlaji wa Kisii ananunua kwa bei ya juu kwa sababu hiyo hiyo. Ile tofauti ya katikati hailipiwi kodi na serikali yoyote. Nani alilindwa?

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mali ya marehemu Jumuiya iligawanywa kwa mkataba wa Mei 1984, baada ya mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, kupatanisha kwa miaka. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hata meli ziligawanywa kama talaka: Uhuru ikabaki Kisumu, Victoria ikabaki Mwanza.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa Novemba 1999 na kuanza Julai 2000. Umoja wa forodha ulikuja 2005, soko la pamoja 2010. Nikiwa bado chuoni, kabla sijaacha, tulifundishwa kwamba hivi vitu ni ngazi: unapanda ya kwanza, ya pili, hadi unafika sarafu moja. Kisii ngazi haionekani. Kinachoonekana ni mlango ambao kuna mtu amesimama hapo, na hali ya mlango inategemea ameamkaje.

Kuna mambo mazuri kweli, na nataka niyataje bila kejeli. Zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni cheti rahisi cha uasilia. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha na zilizotoka ndani ya Jumuiya, anajaza fomu pale pale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Ni karatasi tu. Lakini ile karatasi ndiyo ingemwokoa turniboi wangu wa Suneka miaka sita ya kutembea usiku. Shida ni kwamba wengi wanaovuka hawajaisikia, au wameisikia na bado wanaogopa kusimama kwenye foleni ya ofisi yenye bendera, kwa hiyo wanampa bodaboda mzigo apite nao anakojua yeye.

Na hata mwenye karatasi hana hakika. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, na mwisho wa mwezi huo ikachoma vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga, kwa sababu ya hofu ya mafua ya ndege. Wakenya tulipiga kelele sana. Halafu tarehe 5 Machi 2021 ikawa zamu yetu: serikali ya Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakalala mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti ya vyeti. Sumukuvu si mchezo, imeua watu Kenya, na sina shida na vipimo. Shida yangu ni kuamka asubuhi na kukuta sheria mpya wakati gunia lako limeshapakiwa. Mwenye maghala anaweza kungoja wiki. Mama wa magunia manne amekopa chama hela ya hayo manne.

Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Nairobi, wakakubaliana na Uhuru Kenyatta kuondoa vikwazo, na manunuzi ya Kenya kutoka Tanzania yakaongezeka karibu maradufu ndani ya mwaka huo. Hapakuwa na mkataba mpya. Watu wawili waliambiana tuache hii kitu, na malori yakatembea. Inafurahisha, na inatisha kidogo pia, maana kinachofunguliwa kwa maneno hufungwa kwa maneno.

Kuna wanaoumia kwa milango kufunguka, na si haki kuwaficha. Mkulima wa kitunguu wa Kenya anashindana na kitunguu cha Tanzania kilicholimwa kwenye shamba kubwa zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Kilio chake ni cha kweli. Lakini kumbuka mwisho wa 2023: vitunguu vya Tanzania vilipungua sokoni, bei ikapanda hadi watu wakawa wanauziwa nusu kitunguu, na vya Ethiopia vikaanza kuonekana. Mkulima wetu hakuweza kujaza pengo, kwa sababu hana maji ya kumwagilia, mbegu ni ghali, na barabara ya kutoka shambani ni matope. Kumfungia jirani hakuleti maji shambani.

Chai ya Nyamira inanifundisha upande wa pili. Majani yanayochumwa na kusagwa Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi au Tombe yanaishia Mombasa, kwenye mnada ulioanza Nairobi miaka ya 1950 na kuhamia pwani 1969. Pale chai yetu inauzwa kwa dola pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Nimesikia kwenye vikao vya wakulima kwamba hawa wageni ndio wanaotushushia bei, wafukuzwe. Mimi naona kinyume. Mnunuzi wa Pakistan, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, anakuja Mombasa kwa sababu anapata chai za nchi nyingi chini ya paa moja. Ukiwafukuza jirani, naye atafungasha. Julai 2021 ilipowekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo wa Kenya, nia ilikuwa njema, lakini shehena nyingi zilikosa wanunuzi zikarundikana maghalani, huku jirani asiyefungwa na bei hiyo akiendelea kuuza. Wakulima wa huku magharibi mwa Bonde la Ufa, ambao bonasi yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, waliumia zaidi. Soko la pamoja lina tabia hiyo: ukijiwekea sheria peke yako, wenzako hawakungoji.

Na kabla hatujawacheka Watanzania, twende Keroka. Mji huo umekatwa katikati na mpaka wa Kisii na Nyamira, kaunti mbili za kabila moja, lugha moja, na kwa uzoefu wangu ugomvi mmoja. Kaunti hizo zimegombana kuhusu nani akusanye ada pale, na wafanyabiashara wamelalamika kutozwa huku na kutozwa kule kwa mzigo uliovuka barabara tu. Umoja wa Jumuiya umefika Kongo tangu 2022. Keroka bado uko njiani.

Sasa lile agizo la Tanzania. Lilitoka Julai 2025 na linataja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya: kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, duka la vinyago na vitu vya kumbukumbu, na nyinginezo. Faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, au jela isiyozidi miezi sita. Kenya ilipinga ikasema linakiuka itifaki ya soko la pamoja, na nadhani ni kweli. Nairobi ilisomwa kama habari za mafundi wa simu wa Kariakoo.

Kwetu kulikuwa na vipengele viwili vilivyouma. Cha vinyago kinamgusa mchongaji wa Tabaka, ambaye mawe yake ya sabuni huuzwa kwa watalii popote walipo, Arusha ikiwemo. Cha pili ni kununua mazao shambani. Hicho ndicho kazi ya binamu yangu. Kwa miaka saba alikuwa akivuka Sirari, anapanda pikipiki hadi vijiji vya Tarime, anaongea na mkulima Kikuria chake cha kubahatisha, anapima mahindi, anachukua kitunguu kikiwa bado na udongo. Alijua nani hukausha mahindi vizuri na nani huyalowesha yapate uzito. Mkulima mmoja alimpa mbuzi alipooa.

Sasa haendi tena. Anakaa upande wa Isebania na kungoja dalali wa Tanzania amletee. Nilimuuliza imemgharimu kiasi gani, akaniambia tofauti kwa gunia si kubwa sana, anaweza kuihamishia kwa mteja. Kinachomsumbua ni kwamba hajui tena mahindi yametoka shamba la nani, yamekaushwa vipi, na akishikwa na wapima sumukuvu wa upande wetu, cheti ni cha dalali lakini gunia ni lake.

"Na yule mkulima wa mbuzi?" nikamuuliza.

"Alinipigia simu wiki iliyopita," akasema. "Ananiuliza kama tumekosana."